Nilifunga Koki ya Laptop ya Mke Wangu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kwanza, kunicheka utanicheka baadaye, maana jambo lenyewe lina haraka na kila nikiliwaza najiona kama mtoto aliyevunja chungu cha bibi yake.

Mimi ni fundi wa idara ya maji, kazi yangu ni kukagua mita na kuziba mabomba yanayovuja, na jioni ninasoma kozi ya kuchambua takwimu za maji kwa kompyuta, kwa sababu idara imesema anayetaka kutoka kwenye mitaro na kuingia chumba cha takwimu lazima awe na cheti hicho, na magoti yangu, mshauri, yameshasema hayataki tena mitaro. Mke wangu anadarizi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yake: mashine iko karibu na dirisha, nyuzi zimepangwa ukutani kwa rangi, na pembeni kuna laptop yake, ambayo bawaba moja imevunjika na tumeishikiza kwa utepe wa gundi wa rangi ya kijani. Humo ndimo anamochorea nembo za sare za shule, za hospitali, za timu za mpira, kwa programu ambayo inakubali Windows tu na ambayo haifunguki mpaka uchomeke kifunguo chake kidogo ubavuni mwa laptop. Michoro yake yote tangu aanze kazi imo humo, na kwenye flashi huwa anaweka mmoja tu, ule anaoudarizi siku hizo, kwa kuwa mashine ya kudarizi inasoma flashi.

Laptop hiyo imechoka, kwa hiyo tulikubaliana tununue moja, ya bei tunayoiweza, itufae wote wawili, iwe na mifumo miwili ndani yake: Windows kwa ajili yake, na Linux kwa ajili yangu, kwa sababu mkufunzi wetu amesema programu zote za kozi zinaendeshwa kwenye Linux na hataki kusikia visingizio. Nikauliza nani achague, mke wangu akasema, "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii, Bwana Maji. Chagua. Mimi nataka iwake, ifungue michoro yangu, isinitoe jasho." Bwana Maji ndilo jina langu nyumbani, akinipenda ananiita hivyo, akikasirika ananiita hivyo hivyo, mpaka nisikilize sauti ndipo nijue niko upande gani.

Nikaenda kwa muuza kompyuta zilizotumika, akanionyesha tatu. Ya kwanza ni mpya, nyembamba kama sahani, inang'aa, diski yake ni ndogo lakini akasema, "Bosi, siku hizi watu wanaweka vitu vyao mtandaoni, diski kubwa ya nini?" Ya pili ni ya aina ile ile ya mke wangu, rangi ile ile, ungedhani ni pacha. Ya tatu ilitoka kwenye ofisi fulani, nene, herufi za kibodi zimefutika kwa kupigwa, na nilipoinyanyua akacheka, akasema, "Hiyo utaonekana umebeba betri ya gari." Nikashindwa kuchagua, nikasema moyoni, ngoja kwanza nijaribu kuweka Linux kwenye ile ya nyumbani iliyochoka, nione ugumu uko wapi, ndipo nijue ninachonunua. Na sikumwambia mwenyewe.

Siku mke wangu alipokwenda kupeleka sare kwa mteja, nilifungua video kwenye simu, nikaingia kwenye ule ukurasa wa ndani kabisa unaotokea kabla kompyuta haijaamka, na jamaa wa kwenye video akasema zima ulinzi fulani, nikazima. Sasa, mshauri, kazini kwetu kuna kanuni ambayo hata ukinizindua usingizini nitaitaja: funga koki kuu, safisha bomba, ndipo ufungue maji. Chini kidogo ya ule ulinzi nikaona mstari mwingine unaosema unaweza kufuta kumbukumbu za chipu ya usalama, na hakuna aliyeniambia niuguse, lakini nikajiambia nimeshafunga, na bomba halifunguliwi bila kusafishwa, nikausafisha, ikaniuliza kwa maandishi mekundu kama nina hakika, nikasema nina hakika kama watu wote wanavyosema, halafu nikarudisha ule ulinzi kama nilivyoukuta, ili kazi iwe safi. Nilipoiwasha ikatokea skrini ya buluu inayodai namba ndefu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu, na mpaka leo haikubali kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Mke wangu aliporudi nikamwambia inajisasisha, usiiguse. Kesho yake akauliza, "Bado inajisasisha?" Nikasema bado. Akasema, "Inasasisha nini, dunia nzima?" Bahati nzuri, au mbaya sijui, alikuwa na mchoro wa timu ya mpira kwenye flashi, kwa hiyo anaendelea na huo, lakini jezi zinakaribia kwisha na kazi inayofuata ni ya chuo cha wauguzi, ambao wanataka nembo ile ile ya mwaka jana, na nembo hiyo imo ndani ya laptop, na bila hiyo atalazimika kuichora upya pamoja na nyingine zote, na kazi ile, mshauri, ndiyo inayomfanya mke wangu aitwe fundi na si mwenye mashine tu.

Niliipeleka laptop kwa fundi mmoja wa kompyuta kwa siri, nikiwa nimeitia kwenye mfuko wangu wa kazini. Akaitazama kidogo, akasema, "Mzee, dawa yake ni moja. Tunaipiga chini, tunaweka Windows mpya, jioni unaichukua." Nikamuuliza, "Na michoro?" Akaniuliza, "Michoro gani?" Nikamwambia nitairudisha kesho. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ndiye aliyeitayarisha laptop hiyo siku iliponunuliwa, akaisajili kwa barua pepe ya dada yake, ile ambayo wateja wanamtumia nembo zao, na pengine anajua kitu, lakini kumuuliza siwezi, maana siri haikai kinywani mwa shemeji yangu hata ukiipa kiti.

Kuna wazo jingine ambalo ninaona aibu kuliandika. Ile pacha ya dukani, nimewaza niinunue kwa fedha zetu zile zile, niubandue ule utepe wa kijani niubandike huku, niiweke mahali pake, na niseme kule kujisasisha ndiko kulikofuta kila kitu. Nimeshaufikiria mpaka ule mkunjo wa utepe.

Niambie, mshauri. Michoro imekufa? Na kama imekufa nimwambieje mama watoto, na kama haijafa ninunue laptop ipi ili nisirudie ujinga huu? Nimeweka namba ya simu hapo chini kwa sababu fundi ananisubiri.

Mimi,
Bwana Maji


JIBU LA MSHAURI

Bwana Maji, mwanangu, marahaba. Vuta pumzi. Michoro ya mkeo haijafa.

Wasomaji wengine wajue kwamba kwa kawaida barua hukaa kwenye trei yangu mpaka zamu yake ifike. Hii sikuiacha ikae, kwa sababu ya mtu mmoja: yule fundi wa kuipiga chini. Nilimtumia Bwana Maji ujumbe hapo hapo, nao ulisema hivi: "Usiipeleke kwa fundi. Usifute chochote. Imefungwa, haijaharibika. Ufunguo uko kwenye akaunti ya mkeo. Mwambie leo."

Sasa nikueleze kwa utaratibu, maana nilifundisha fizikia mpaka nikastaafu, na sijazoea kumpa mtu jibu bila kumwonyesha lilikotoka.

Laptop nyingi za siku hizi, ukizisajili kwa akaunti ya mtandaoni, huzifunga diski zake kwa kufuli bila kukupigia kelele. Ufunguo wa kila siku hukaa ndani ya ile chipu ya usalama, ndiyo maana mkeo hakuwahi kuuona wala kuuhitaji: laptop inawaka, chipu inatoa ufunguo, diski inafunguka, yeye anaona michoro yake. Ulipouzima ule ulinzi, chipu ilipata wasiwasi. Kama ungeishia hapo na kuurudisha, huenda ingetulia na msingejua kitu. Lakini wewe ulisafisha. Ulichokisafisha, mwanangu, ni ufunguo wenyewe. Laptop ikajikuta nje ya nyumba yake, ikafanya kitu cha busara kabisa: ikaomba ufunguo wa akiba. Hiyo ndiyo ile namba ndefu kwenye skrini ya buluu.

Wewe ni mtu wa maji, utanielewa. Nyumba ikikosa maji kwa sababu koki imefungwa, hakuna aliyekufa kwa kiu, anatafutwa mwenye spana tu. Aliyekwambia aipige chini alikuwa anakwenda kubomoa tangi ili akuletee tangi jipya, tupu. Na hakuwa na nia mbaya, ila hakuuliza ndani mna nini. Nawe ulipomuuliza kuhusu michoro, alikuuliza michoro gani, na hapo ndipo ulipotakiwa kubeba mfuko wako na kuondoka bila kuahidi kurudi.

Na ule ufunguo wa akiba, nilijuaje uliko? Uliniambia mwenyewe, kwenye mstari ambao uliuandika ili kumsengenya shemeji yako. Umesema aliisajili kwa barua pepe ya dada yake. Laptop ikisajiliwa namna hiyo, nakala ya ufunguo kwa kawaida hutunzwa kwenye akaunti hiyo hiyo, na mwenye akaunti anaweza kuisoma hata kwa simu. Kwenye skrini ya buluu kuna alama fupi ya utambulisho, unailinganisha na ile iliyo kwenye akaunti, zikifanana unaandika namba, mlango unafunguka.

Umeona ugumu ulipo? Ufunguo unaweza kufikiwa na mtu mmoja tu hapo nyumbani, naye ndiye uliyekuwa unamficha. Ungeweza kununua pacha, ungeweza kubandika utepe wa kijani mpaka mkunjo wake ukafanana, lakini ungekuwa unatumia fedha za watu wawili kuzika kitu kilicho hai. Hilo la utepe limenikasirisha kuliko mengine yote, na nilikuambia hivyo kwa simu, na hapa narudia mbele ya wasomaji ili likukolee.

Jioni ulinijibu kwa maneno machache: "Nimemwambia. Imefunguka. Anataka kuzungumza na wewe." Kabla sijamaliza kuyasoma simu ikalia.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye mwenye laptop."

"Marahaba, mwanangu. Michoro ipo?"

"Ipo yote. Hata ile mibaya niliyoanzia kazi, ambayo nilikuwa namwomba Mungu ipotee."

Nikamuuliza kama amekusamehe. Akacheka. Akasema, "Mama, huyu mtu kwa siku kadhaa amekuwa anaamka kabla yangu, anafagia karakana, anapanga nyuzi kwa rangi, na anazikosea. Anaondoka na mfuko wa kazini siku ambayo si ya kazi. Simu ikilia anatoka nje. Nikajua amefukuzwa kazi na anaona haya kuniambia. Nimelala na mawazo hayo, nimeanza hata kufikiria nitapokea kazi za usiku. Leo ananikalisha kitini, ananishika mkono, anasema, 'Mama watoto, nina jambo.' Nikasema sasa ndiyo hiyo. Akaniambia ni laptop. Mama, nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja."

"Ukafanya kipi?"

"Nilianza na la pili. Kwa kitambaa, si kwa mkono."

Nyuma nikakusikia unasema, "Mwambie basi na lile la kwanza," naye akakwambia, "Wewe nyamaza, tunaongea wakubwa."

Sasa hilo, Bwana Maji, ukae nalo. Ulidhani unamficha habari mbaya, kumbe ulimwachia nafasi ya kujitungia habari mbaya zaidi. Mtu unayeishi naye akiona umebadilika hasemi "labda ni laptop". Anakwenda moja kwa moja kwenye jambo linalomtisha kuliko yote. Uongo wako wa kujisasisha ulimlinda na kitu kidogo ukamtwisha kikubwa. Wote wawili mlikuwa mnabeba mzigo usiokuwepo, kila mtu upande wake wa kitanda. Nashukuru umeshushwa.

Tuingie dukani.

Ile nyembamba iache. Si mbaya kwa mtu mwenye mfumo mmoja na mambo machache, lakini ninyi mnataka kupangisha wapangaji wawili. Windows peke yake ni mpangaji mwenye samani nyingi, na akiingia na michoro ya mkeo atajaa mpaka barazani. Linux inaridhika na nafasi ndogo, lakini takwimu zako hazitaridhika. Kwa hiyo kwenye diski tafuta gigabaiti mia tano au zaidi, ya aina isiyo na sahani inayozunguka ndani, na kwenye kumbukumbu ya kazi, ile RAM, tafuta gigabaiti kumi na sita, au nane inayoweza kuongezwa. Nyingi kati ya hizo nyembamba, vitu hivyo vimechomelewa ndani, ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. Tena angalia ubavuni: kile kifunguo cha programu ya mkeo kinahitaji tundu la ukubwa wa kawaida, na laptop nyingi nyembamba za namna hiyo zina tundu moja dogo tu la kisasa.

Kuna watakaokwambia weka Linux peke yake, halafu Windows iendeshe ndani yake kama chumba ndani ya chumba. Inawezekana, lakini kwa laptop ya bei yenu itakuwa nzito, na vifunguo kama kile cha mkeo mara nyingi hukataa kufanya kazi humo. Mkeo amesema isimtoe jasho. Mheshimu.

Pacha usiitaje tena.

Imebaki ile nene uliyochekwa nayo, nayo ndiyo ninayokuchagulia. Laptop za maofisini hutengenezwa zikijua zitafunguliwa na mafundi. Ukigeuza na kulegeza skrubu unafika kwenye diski na kumbukumbu, unabadilisha, unafunga. Nyingine zina nafasi ya diski ya pili, na ukibahatika kupata ya namna hiyo umemaliza ugomvi kabla haujaanza, kila mpangaji na nyumba yake. Pia, kwa kuwa zimetumiwa na watu wengi, wanaotengeneza Linux wamekwishazizoea, kadi ya mtandao na sauti na bamba la kugusa la kusogezea mshale hukubali bila kubembelezwa. Uzito wake ni kweli. Lakini mtu aliyebeba spana za idara miaka yote hiyo hawezi kuniambia kwamba laptop ni nzito.

Usiichukue kwa maneno yangu wala ya muuzaji. Linux ina adabu moja nzuri ambayo laiti ungeijua mwanzo usingeniandikia: inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi, ikafanya kazi, ikazimwa, bila kugusa chochote kilicho kwenye diski. Ni kama kuonja mchuzi bila kuinua sufuria. Itayarishe flashi hiyo kwenye kompyuta za darasani kwenu, mwombe mkufunzi akuonyeshe, na uende nayo dukani. Iwashe hapo hapo juu ya meza ya muuzaji. Je, inaona mtandao? Sauti inatoka? Ukifunika na kufunua inaamka? Muuzaji akikukataza kujaribu, mshukuru na uende duka la pili.

Mambo mengine mawili yawe wazi kabla ya kulipa. La kwanza, ingia kwenye ule ukurasa wa ndani ulioujua kwa machungu. Laptop za maofisini mara nyingine huja na neno la siri la mmiliki wa zamani kwenye mlango huo, na likiwepo hutaweza kuweka mfumo wa pili, utabaki unaizunguka kama mgeni asiye na kadi ya mwaliko. Safari hii kazi yako humo ni kutazama tu. La pili, hakikisha prosesa yake si ya kizamani mno kiasi cha kukataliwa na Windows ya sasa, la sivyo mkeo atakuwa anadarizi kwenye nyumba iliyoachwa kukarabatiwa. Betri ikiwa imechoka isikutishe, hiyo hubadilishwa.

Siku ya kuweka mifumo, Windows itangulie, Linux ifuate. Ukigeuza utaratibu huo, Windows huwa na tabia ya kuingia na kukaa mlangoni kana kwamba hakuna mwingine ndani. Nafasi ya Linux ikatwe ukiwa ndani ya Windows yenyewe, kwa chombo chake chenyewe. Kabla ya hapo, kufuli la diski lisimamishwe kwa muda, na ule ufunguo wa akiba mkeo auone kwa macho yake kwenye akaunti yake na aujue ulipo. Ukimaliza, kila ikiwaka mtakuta bawabu anauliza, "Unakwenda kwa nani?" Yeye atachagua kwake, wewe kwako. Mkiona saa imeruka baada ya kubadilishana, msiite mtu wa kuombea nyumba. Mfumo mmoja unasoma saa ya ndani kama saa ya hapo mlipo, mwingine unaisoma kama saa ya dunia. Kuna amri moja fupi ya kuwapatanisha, mkufunzi wako anaijua.

Na michoro, nakala yake itoke leo, kabla laptop mpya haijanunuliwa. Si mchoro mmoja kwenye flashi. Yote, mahali pawili, na pamoja na ile mibaya ya mwanzoni, kwa sababu siku moja mkeo atamfundisha mtu kudarizi na atataka kumwonyesha alikotoka.

Mwanangu, kanuni yako ya kazini si mbaya. Funga, safisha, fungua: imeokoa mitaa mingi. Lakini nakumbuka idara ya maji hapa kwetu, kabla ya kufunga koki kuu, hupita nyumba kwa nyumba na kutangaza, ili watu wakinge ndoo zao. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza uliyoiruka. Ulifunga bila kutangaza.

Kwa hiyo dukani mtakwenda wawili. Yeye atabeba kifunguo cha programu yake na mchoro wa nembo ya wauguzi, wewe utabeba flashi ya Linux. Mmoja asipokuwepo, laptop isinunuliwe. Na nyuzi, tafadhali, ziache zipangwe na mwenyewe.